Bisibisi Yenye Nyundo Tumboni

Mtu aingiaye katika duka la zana pale Kariakoo, akaomba aonyeshwe bisibisi ya betri ya aina ile ambayo mafundi wameizoea kwa jina la impakti, haonyeshwi chombo kwanza bali huonyeshwa namba. Muuzaji hukigeuza kisanduku ubavuni, akaweka kidole juu ya tarakimu kubwa kuliko zote zilizopigwa chapa, akasema kwamba hii ni ya newtoni-mita 170, ile ni ya 205, na ile iliyo juu kabisa ya rafu, ambayo bei yake humfanya mnunuzi akohoe, ni ya 226. Kisha hunyamaza, kana kwamba shauri limekwisha katwa na kilichobaki ni kuhesabu fedha. Mimi ni katika wale waonao kwamba shauri hilo bado halijakatwa. Nguvu ya chombo hiki na ushikikaji wake, ambavyo wauzaji huvitaja kama sifa mbili mbalimbali, moja ya kuandikwa kwa wino mnene na ya pili ya kutajwa kwa fadhila tu, mbele ya kazi huwa ni sifa moja. Kwa maana nguvu isiyozuilika kwa kidole, au isiyoweza kufikishwa katika kipembe cha kabati ambamo skrubu yenyewe imo, seremala hana haja nayo, ijapokuwa ni ya kung'oa mbuyu.

Pwani yetu haikungoja umeme ili ijue kutoboa mbao. Keekee ya seremala na ya mjenzi wa majahazi ilikuwa chuma chenye ncha kilichotiwa katika msukano wa mti, msukano ukazungushwa kwa kamba ya uta uliokwenda mbele na kurudi nyuma, mkono mmoja ukivuta uta na wa pili ukikandamiza jivu juu ya kichwa cha msukano. Na kwa kuwa ubao mgumu hupasuka ukilazimishwa, tundu lilitangulia na msumari ukafuata. Kasi yote ilitoka begani. Ubao ulipokuwa na kifundo, bega lilipata habari papo hapo, kwa sababu mkono uliotoa nguvu ndio huo huo uliopokea jawabu la mti, na fundi alilegeza au alikaza pasipo kukaa na kufikiri. Umeme ulipokuja uliikata njia hiyo ya habari: nguvu ikawa inatoka pengine, na mkono ukabaki kuwa mshikaji tu. Ukiitazama historia ya zana za umeme kwa jicho la mtumiaji, utaona kwamba sehemu yake kubwa ni juhudi ya kuirejesha njia hiyo kidogo kidogo.

Kampuni ya Fein ya Stuttgart, Ujerumani, ndiyo iliyotengeneza drili ya umeme ya kushikwa mkononi mwaka 1895. Lakini chombo kilichotupa umbo tulijualo leo kilitoka Marekani, ambako Duncan Black na Alonzo Decker wa Baltimore walipata hataza mwaka 1917 kwa drili yenye mpini wa mfano wa bastola na swichi ya kufyatuliwa kwa kidole cha shahada. Katika miaka ya 1960 kampuni yao iliagizwa itengeneze zana za wanaanga wa mpango wa Gemini, na mashaka yaliyowakabili wahandisi hayakuwa ya uhaba wa nguvu: mtu anayeelea mahali pasipo uzito, akijaribu kuikaza nati kwa chombo cha kawaida, nati husimama na yeye mwenyewe huanza kuzunguka. Walichotakiwa kuunda ni chombo ambacho nguvu yake yote huishia katika nati na haimrudii mshikaji. Seremala wa Keko haelei angani, lakini akiwa juu ya ngazi, mguu mmoja umekanyaga papi na mkono mmoja umeng'ang'ania kenchi, haja yake na haja ya mwanaanga yule ni ndugu wa tumbo moja.

Wajapani nao hawakulala. Makita, iliyoanza Nagoya mwaka 1915 kwa kuuza na kutengeneza mota za umeme, ilitoa drili ya kuchajiwa mwaka 1969 na nyingine yenye betri ya nikeli na kadimi mwaka 1978. Na betri za lithiamu zilipoingia katika zana hizi kuanzia mwaka 2005, uzito ulipungua na nguvu ikaongezeka kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra katika ufundi wa aina yoyote.

Sasa tukifungue chombo chenyewe, kwa kuwa hapana awezaye kuhukumu nguvu asiyoijua inatoka wapi. Nyuma kuna mota, na mbele yake gia ndogo za kupunguza kasi, ambazo huuzungusha mhimili wa chuma wenye mifuo miwili iliyochongwa kwa umbo la V. Ndani ya mifuo hiyo hukaa gololi mbili za chuma, na juu ya gololi huvikwa nyundo, ambayo si nyundo ya mpini tuijuayo, bali ni kipande kizito cha chuma cha mviringo chenye meno mawili mbele; nyuma ya nyundo kuna springi nene inayoisukuma daima kwenda mbele, na mbele yake kuna fuawe yenye masikio mawili, ambayo ncha yake ya nje ndiyo yenye tundu la pembe sita, upana wa robo inchi, linaloshika biti. Skrubu ikiwa bado inaingia kwa wepesi, nyundo na fuawe huzunguka pamoja kama kitu kimoja, na chombo hakitoi sauti ila ya mota. Skrubu ikikaza, fuawe husita, mota haisiti, nyundo hurudishwa nyuma na gololi zinazopanda katika mifuo, springi ikabanwa, mpaka meno ya nyundo yanapoyapita masikio ya fuawe, na hapo nyundo huachiliwa, huzunguka nusu duara ikiwa huru, hutupwa mbele na springi, ikayapiga masikio kwa ubavu. Pigo moja huigeuza skrubu kidogo tu. Lakini kwa chombo cha wastani mapigo hayo hufika 3,600 kwa dakika, ndiyo kusema 60 kwa kila sekunde, na sikio haliyasikii kuwa mapigo bali husikia mngurumo mkavu wa kuchana.

Hapo ndipo ilipo siri ya kifundo cha mkono kisichopinda. Drili ya kawaida, inapoikaza skrubu nene, humpa mshikaji upande wa pili wa nguvu ile ile inayoipa skrubu, na yeyote aliyewahi kukamatwa na drili iliyokwama katika boriti anazijua adhabu zake. Katika impakti, pigo huzaliwa na kumalizika baina ya nyundo na fuawe, na linalobaki kwa mkono ni ile nguvu ndogo ya mota inayoirudisha nyundo nyuma kuibana springi upya. Mafundi wa bodaboda wamekuwa wakiitumia kanuni iliyo jirani na hii miaka mingi bila umeme, kwa ile bisibisi nzito ya chuma ambayo huwekwa juu ya skrubu iliyoganda katika kifuniko cha injini, ikapigwa nyundo kichwani, na mteremko uliochongwa ndani yake ukaligeuza pigo la kwenda chini likawa mzunguko. Tofauti ni kwamba wao hupiga pigo moja na kupumua.

Turudi katika namba za sanduku. Newtoni-mita 170, kwa mtu asiyependa fizikia, ni sawa na kufunga fimbo ya urefu wa mita moja katika nati, kisha kutundika mwishoni mwake mzigo wa kilo 17 na kidogo. Si haba. Nati za magurudumu ya gari dogo aghalabu hukazwa kwa 100 hadi 120, na kwa hesabu hiyo mtu angetazamia kwamba impakti yake ingezifungua zote huku akipiga mluzi. Akijaribu, huona ajabu: chombo kinanguruma, soketi inatetemeka, na nati iliyoshikwa na kutu imetulia mahali pake. Sababu mojawapo ni biti yenyewe. Shina lake lina milimita 6.35 tu kutoka ubapa hadi ubapa, na kila pigo linapopita humo shina hujinyonga kidogo na kujirudi, likainywa sehemu ya pigo kabla halijafika katika nati. Ndiyo maana vyombo vilivyokusudiwa magurudumu vina mraba mnene wa nusu inchi mbele yake wala havitumii biti. Sababu ya pili ni kwamba namba ya sanduku hupatikana kwa bolti ya chuma kigumu, iliyokaa sawa, ikapigwa kwa sekunde kadhaa mfululizo. Katika vijitabu vya maelezo vya baadhi ya vyombo hivi mna mchoro wa mstari unaopanda, chini yake sekunde na kando yake newtoni-mita, na mnunuzi akiutazama kwa makini atang'amua kwamba nguvu iliyopigwa chapa kwa wino mwekundu ni kilele cha mstari huo, mahali ambapo skrubu ya ubao haifiki kabisa, kwa kuwa ingekuwa imekwisha kukatika zamani.

Kwa hiyo nilipofika katika karakana moja ya Keko, ambako fundi mkuu alikuwa akifikiria kununua impakti mpya za kuwapa vijana wake, nilifurahi kumwona hana habari na visanduku. Alikuwa ameazima vyombo viwili vya kiwanda kimoja, DTD152 na DTD153 za Makita, ambavyo kwa karatasi ni kama mtu na pacha wake: cha kwanza, chenye mota ya brashi za kaboni, kina newtoni-mita 165, mizunguko 2,900 na mapigo 3,500 kwa dakika, cha pili, kisicho na brashi, kina 170, mizunguko 3,400 na mapigo 3,600. Tofauti ya nguvu ni newtoni-mita tano, kitu ambacho hakuna kiganja kiwezacho kukitambua. Fundi aliweka juu ya meza kipande cha boriti ya mkongo, mti ambao wengi wa pwani huuita mbambakofi na ambao milango mingi ya zamani imechongwa kwao, akatangulia kuutoboa kwa drili, kwa kuwa mkongo ukiulazimisha hulipiza kisasi kwa kupasuka, kisha akachukua skrubu za kichwa cha pembe sita, unene wa milimita 8 na urefu wa kidole kizima na nusu, akamkabidhi kijana wake akisema, “Haya mwanangu, fanya kazi, usishindane nayo.”

Vyombo vyote viwili vilizizamisha. Asiyetazama ila matokeo angesema havipishani. Lakini sikio lilikuwa na mengine ya kusema: chenye brashi kilipofika theluthi ya mwisho kilishusha sauti, mapigo yakawa mazito na ya taratibu, na skrubu ikaenda kwa mwendo wa mtu apandaye ngazi na gunia, kisicho na brashi nacho kilibadili sauti, ila mwendo wake haukupungua sana, kwa kuwa sakiti yake ya umeme huigawia mota umeme kwa kadiri ya mzigo ulioikuta, na hapana brashi inayosuguana na kupoteza nguvu kwa joto. Kijana aliulizwa ameonaje. Alisema cha pili ni chepesi. Vikapimwa, na uzito wake ulikuwa karibu sawa. Alichokuwa amekihisi ni urefu, kwa maana kichwa cha chombo chenye brashi kina milimita 137 na cha mwenzake 126, na sentimita moja na kitu inapoondolewa mbele ya ngumi, mkono huhesabu kuwa ni uzito uliopungua.

Kisha fundi akaviondoa vile viskrubu vinene, akaleta mlango wa mninga na bawaba za shaba, na nadhani hapo ndipo jaribio lenyewe lilipoanza. Skrubu ya shaba ni laini. Impakti isiyo na adabu huikata shingo kwa mapigo mawili matatu na kuuacha mwili wake ndani ya ubao, mahali ambapo hata sala haiufikii. Seremala mzoefu hutoboa kwanza, hutangulia kuingiza skrubu ya chuma ya kadiri ile ile ili ijichongee njia, huitoa, huipaka ya shaba sabuni au nta, ndipo huiingiza. Na anapotumia impakti, shabaha yake yote ni kwamba nyundo isipige hata mara moja. Hilo halifanyiki kwa newtoni-mita. Hufanyika kwa swichi.

Mtazame kidole chake. Huibonyeza swichi kwa kina cha unene wa kucha, na biti huanza kugeuka pole kiasi cha kuweza kuihesabu kwa macho. Hubonyeza tena kidogo, na kasi hupanda kwa kadiri hiyo hiyo, bila kuruka. Skrubu huteremka, kichwa chake hukaribia bawaba, mota hubadili sauti kwa nusu ya nusu, na kabla nyundo haijaachana na fuawe kidole kimekwisha rudi. Katika chombo chenye swichi mbovu hakuna safari hiyo: kidole hubonyeza na hakuna kinachotokea, hubonyeza zaidi na bado kimya, kisha ghafla biti hukurupuka kwa kasi ya nusu ya uwezo wake, ikaruka nje ya kichwa cha skrubu na kuchora juu ya mlango wa watu mstari ambao hakuna vanishi itakayouficha. Vyombo vya gharama zaidi huwa na vituo vya kasi: ile DCF887 ya DeWalt, yenye newtoni-mita zake 205, ina vituo vitatu, na cha kwanza hakipiti mizunguko 1,000 kwa dakika. Mtu anaweza kustaajabu kwamba chombo chenye nguvu nyingi ndicho kilichowekewa kituo cha upole. Lakini kadiri nyundo inavyokuwa nzito ndivyo haja ya kuizuia inavyozidi, na mimi ningempendelea mnunuzi alipie kituo cha chini kabla ya kulipia kilele cha juu. Jaribio hili, kwa bahati njema, hufanyika dukani bila gharama yoyote: tia betri, tia biti, usiiweke juu ya kitu, ibonyeze swichi polepole, na uitazame biti inavyoanza.

Juu ya paa mambo huwa kinyume. Skrubu ya bati, yenye washa ya mpira chini ya kichwa chake, inatakiwa itoboe bati kwa kasi, iingie katika papi, na isimame mara mpira unapobanwa. Ikipigwa mapigo machache ya ziada mpira hupasuka au hutoka pembeni, na mwenye nyumba ataijua siku ya masika. Hapo kasi ya mizunguko ina thamani kuliko pigo, na baadhi ya vyombo vimewekewa njia maalumu ya skrubu hizo: hukimbia kwa kasi yote na kujizima punde tu baada ya nyundo kuanza kazi. Niliwahi kuidharau njia hiyo nikidhani ni mapambo ya kuuzia, kama zilivyo nyingi, hadi nilipoona kijana aliye juani tangu asubuhi, kidole chake kimechoka na hakina tena ujanja wa kuachia kwa wakati, akifunga mstari mzima wa skrubu na mipira yote ikakaa sawa.

Ama kuhusu ushikikaji, watengenezaji wameshindana kwa milimita: 137, kisha 126, kisha 116 katika DTD172, kisha 111 katika mrithi wake. Kwa anayefunga bati hilo halimhusu sana. Kwa anayetengeneza makabati ya jikoni ni neema, kwa sababu baina ya ubavu na ubavu wa kabati hakuna nafasi ila ya kiwiko kilichokunjwa, na chombo kirefu humlazimisha mtu aipige skrubu kwa mshazari. Ufupi peke yake, hata hivyo, hautoshi kuwa hoja. Shika mpini, uulegeze mkono, utazame kama pua ya chombo inainama au inatazama mbele yenyewe. Chombo kilichosawazishwa vyema hukaa kiganjani pasipo kukazwa, na mzunguko wa mpini huruhusu kidole gumba na kidole cha kati kukaribiana. Mwenye kiganja kidogo asione haya kulisema hilo dukani. Taa iwe inamulika ncha ya biti wala si kivuli chake, na kulabu ya mkanda iweze kuhamishwa upande wa kushoto.

Betri ndiyo nusu ya hukumu yote. Volti 18 zilizoandikwa ni seli tano za volti 3.6 zilizofuatana, zikiwa zimejaa chaji hupita volti 20, na ndiyo asili ya vyombo vingine kuandikwa 20 bila ya kuwa na kitu cha zaidi. Betri ya ampea-saa 2 huwa na safu moja ya seli tano, na ya ampea-saa 5 huwa na safu mbili, seli kumi. Si kwamba ya pili hudumu muda mrefu tu, bali mzigo wake hugawanyika kwa safu mbili, volti zake haziporomoki sana skrubu inapokaza, na chombo kile kile hupata pumzi zaidi. Ila huwa kizito chini, na mtu aliyekiinua juu ya kichwa akifunga dari ya jipsamu huyalipia hayo kwa bega. Fundi wetu alitumia betri ndogo kwa dari na kwa bati, na kubwa kwa boriti, na sikuona la kumpinga.

Inafaa hapa nitoe hadhari juu ya zile bidhaa zilizojaa masokoni ambazo juu ya betri zake pameandikwa 48VF, 88VF, au zaidi ya hapo. Herufi hizo haziongezi volti. Fungua kifuniko, hesabu seli zilizofuatana, zidisha kwa 3.6, aghalabu utakuta tano, na mara nyingine utakuta safu moja tu ambapo ukubwa wa kasha uliahidi mbili. Sisemi kwamba kila chombo rahisi ni kibaya. Viko vinavyofunga viti na vitanda kila siku na kumlisha mwenyewe. Nasema kwamba aliyeweza kuandika volti 88 juu ya volti 18 hana sababu ya kuaminiwa anapoandika newtoni-mita. Na msafiri anayemletea nduguye zana kutoka Dubai au Muscat akumbuke kuwa betri za akiba hazipakiwi katika mizigo ya chini ya ndege, na kwamba mpaka wa kawaida wa kubeba mkononi bila idhini ni wati-saa 100: zidisha 18 kwa ampea-saa 5 upate 90, imepita, zidisha kwa 6 upate 108, hapo utahojiwa.

Kuna mashtaka ambayo hupewa chombo hali ya kuwa mkosaji ni mwingine. Skrubu nyeusi za jipsamu, ambazo siku hizi hufungiwa kila kitu kuanzia dari hadi fremu za milango, zimefanywa ngumu na kavu. Zinapopigwa na nyundo hii vichwa hukatika, na fundi huilaani impakti kwa nguvu zake nyingi. Kichwa cha msalaba nacho, ambacho mafundi wetu hukiita nyota na ambacho hataza yake kwa Henry Phillips wa Marekani ilitoka mwaka 1936, kina kuta za mshazari zinazoisukuma biti itoke kadiri nguvu inavyozidi. Basi anayekisukuma kichwa hicho kwa newtoni-mita 170 bila kukandamiza kwa nyuma, asishangae biti ikisaga kichwa kikawa kikombe. Vichwa vya mraba na vya ncha sita haviponyoki hivyo, na bei yake inashuka. Biti nazo zinunuliwe zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mapigo, zenye kiuno chembamba katikati ya shina kinachojinyonga makusudi ili ncha isivunjike.

Kelele sina haja ya kuieleza kwa aliyewahi kuisikia. Nyingi za zana hizi hupita desibeli 95 zinapopiga, na kwa kipimo cha taasisi ya NIOSH ya Marekani, ambayo huruhusu desibeli 85 kwa saa nane na kuukata muda kwa nusu kila zinapozidi tatu, desibeli 97 ni za nusu saa kwa siku. Vizibo vya masikio ni rahisi kuliko biti moja. Katika karakana niliyoitembelea hakukuwa na aliyevivaa.

Mwisho wa mambo fundi alinunua kisicho na brashi, pamoja na betri mbili ndogo na moja kubwa, naye alikuwa na sababu ambayo hakuna sanduku lililoitaja: chaja yake ya zamani ilizikubali betri hizo, na mfanyabiashara mmoja wa Gerezani alikuwa na fuawe na springi za akiba za chombo hicho. Alinieleza pia hofu yake, kwamba brashi za kaboni zikiisha kijana hubadilisha kwa bisibisi ya mkono katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa, lakini sakiti ya mota isiyo na brashi ikiungua huwa ni kuagiza na kungoja, na pengine gharama yake haipishani mno na chombo kipya. Kwa ajili hiyo hakukubali kukirudisha chenye brashi kwa aliyemwazima. Alimpa bei, wakapatana, nacho sasa kinafungia bati.